Vita vya Mikondo Miwili ya Umeme

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku anajua kwamba tochi haitaki mzaha. Betri moja ikitiwa kinyume, mwanga hufifia au hukosekana kabisa, kwa kuwa kila betri ina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, na umeme wake hutoka upande mmoja tu. Lakini mama wa nyumbani anapochomeka pasi ukutani hatafuti alama hizo, wala hazipo. Sababu ni kwamba umeme wa tochi na umeme wa ukutani ni ndugu wawili wa tabia mbalimbali. Ule wa betri hutiririka upande mmoja kama mto unaoteremka kwenda baharini, nao huitwa mkondo mnyoofu. Ule wa nguzo huenda na kurudi kama maji ya kupwa na kujaa, ila kwa kasi isiyoonekana kwa macho: katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki hukamilisha safari hamsini za kwenda na kurudi kwa kila sekunde moja. Huo ndio mkondo geu.

Siku hizi ndugu hawa hukaa nyumba moja kwa amani. Lakini katika miaka ya 1880 na mwanzo wa miaka ya 1890, huko Marekani, waligombanishwa vita vikali ambavyo ndani yake mbwa, ndama na farasi waliuawa mbele ya watazamaji, mtu mmoja akatolewa roho gerezani, na watu wenye elimu kubwa wakasema maneno ambayo hayakuwa kweli tupu. Si vita vya bunduki. Vilikuwa vita vya biashara, na silaha yake kubwa ilikuwa hofu ya watu.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Thomas Edison, ambaye mwaka 1879 alikuwa ameonyesha taa ya balbu iliyoweza kuwaka kwa saa nyingi. Tarehe 4 Septemba 1882 alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl Street mjini New York. Mitambo ya mvuke ilizungusha jenereta, na umeme wa mkondo mnyoofu ukapita katika nyaya nene za shaba zilizofukiwa chini ya ardhi, kwa msukumo wa volti 110 hivi. Siku ile ya kwanza taa zilizowaka zilikuwa kama 400 tu, lakini waliozitazama walijua kwamba enzi ya mshumaa na ya gesi imepata mpinzani.

Mpango wa Edison ulikuwa na kasoro moja, nayo ndiyo kiini cha kisa hiki chote. Umeme wake haukuweza kwenda mbali. Ulipofika yapata kilomita moja na nusu kutoka kituoni, ulikuwa umechoka na taa zikawa nyekundunyekundu. Ili kuelewa sababu, ndugu msomaji, tufanye hesabu ndogo. Haizidi ile ya darasa la saba.

Nguvu ya umeme ni zao la vitu viwili: msukumo, unaopimwa kwa volti, na wingi wa mkondo, unaopimwa kwa ampia. Tuseme tunataka kupeleka wati 10,000. Tunaweza kuzipeleka kwa volti 100 na ampia 100, au kwa volti 1,000 na ampia 10. Zao ni lile lile. Lakini waya wowote huuzuia mkondo kidogo na kupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Upotevu huo haufuati volti. Hufuata ampia, tena hufuata ampia zikizidishwa kwa zenyewe. Kwa hiyo waya ambao ungepoteza wati 2,000 katika safari ya kwanza utapoteza wati 20 tu katika safari ya pili. Msukumo umepandishwa mara kumi, hasara imepungua mara mia.

Mtu atauliza, kwa nini basi Edison hakupandisha msukumo? Kwa sababu balbu ya nyumbani haiwezi kuhimili volti 1,000, wala mtoto wa nyumbani hawezi kuishi karibu nazo kwa usalama. Ilihitajika njia ya kupandisha msukumo kituoni na kuushusha tena mlangoni mwa mteja, na kwa mkondo mnyoofu wa wakati ule njia rahisi haikuwapo. Edison alibaki na mambo mawili ya kuchagua: kuongeza unene wa shaba, au kujenga kituo kipya kila baada ya mitaa michache. Alifanya yote mawili. Mambo yakawa mabaya zaidi tangu 1887, wafanyabiashara wa Ufaransa walipojaribu kuihodhi shaba ya dunia na bei yake ikapanda mno.

Mkondo geu ulikuwa na dawa ya ugonjwa huo, na dawa yenyewe ni kile chombo tunachokiona juu ya nguzo mtaani, kikivuma siku nzima kama nyuki: transfoma. Ndani yake mna chuma kilichozungushiwa nyaya mara mbili. Mkondo unaoenda na kurudi katika waya wa kwanza huifanya sumaku ya chuma igeukegeuke, na sumaku inayogeuka huzaa umeme katika waya wa pili, ingawa nyaya hizo hazigusani. Waya wa pili ukizungushwa mara nyingi zaidi, volti hupanda; ukizungushwa mara chache, volti hushuka. Hakuna gurudumu, hakuna mafuta ya kuwasha, wala mtu wa kukaa hapo kukilinda, isipokuwa dhidi ya wezi. Lakini mkondo mnyoofu ukipitishwa humo hautoi kitu, kwa kuwa sumaku yake haigeuki.

Chombo hiki hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Lucien Gaulard wa Ufaransa na John Gibbs wa Uingereza walikionyesha Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, wakakirekebisha kikawa cha kutegemewa. Aliyeona fedha ndani yake alikuwa George Westinghouse wa Pittsburgh, tajiri aliyepata jina kwa kuvumbua breki za hewa za gari moshi. Alinunua haki za Gaulard na Gibbs, na fundi wake William Stanley akatengeneza transfoma za kufaa. Mwezi Machi 1886 Stanley aliwasha taa za maduka katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, kwa umeme uliotoka kwenye jenereta ukiwa na volti 500 na kushushwa hadi 100 ulipofika kwenye majengo. Kabla ya mwaka huo kwisha, Westinghouse alikuwa anauza mitambo ya namna hiyo mjini Buffalo.

Kilichokosekana kilikuwa mota. Mkondo geu uliwasha taa lakini haukuweza kuendesha mashine vizuri, na kiwanda hakiishi kwa taa pekee. Pengo hilo lilizibwa na Nikola Tesla, Mserbia aliyezaliwa Smiljan, katika nchi inayoitwa leo Kroatia. Aliingia Marekani mwaka 1884 na kwa muda mfupi alifanya kazi katika kampuni ya Edison mwenyewe. Fikra yake ilikuwa kutumia mikondo geu miwili au zaidi inayopokezana zamu, kama askari wa gwaride wanaopiga hatua kwa kufuatana, hata nguvu ya sumaku ikawa inazunguka yenyewe na kuuburuta mhimili wa mota pamoja nayo. Haki zake za uvumbuzi zilitolewa Mei 1888, na mwezi Julai Westinghouse akazinunua. Ni haki kutaja kwamba Galileo Ferraris wa Italia alikuwa amefikia fikra kama hiyo kwa njia yake.

Sasa Edison alikuwa na mpinzani aliyeweza kuangaza mji mzima kwa shaba chache. Kwa hesabu za gharama hangemshinda. Ikabaki hoja moja: kwamba volti nyingi za mkondo geu ni mauti.

Hoja hiyo haikuwa uongo mtupu, na ndiyo maana iliwakamata watu. Mkondo geu wa nyumbani, volti kwa volti, ni mbaya zaidi kwa moyo wa mwanadamu kuliko mkondo mnyoofu, kwa sababu kule kwenda na kurudi huuvuruga mwendo wa moyo, na misuli ya mkono hukaza hata mtu akashindwa kuuachilia waya. Lakini mkondo mnyoofu wa volti nyingi nao huua, na mkondo geu ulioshushwa na transfoma hauingii nyumbani na volti maelfu. Upande wa Edison ulishika nusu ya kwanza ya kweli na kuificha nusu ya pili.

Mwezi Juni 1888 fundi mmoja wa umeme, Harold Brown, aliandika barua gazetini New York akitaka mkondo geu wa volti nyingi upigwe marufuku. Edison alimfungulia milango ya maabara yake. Tarehe 30 Julai Brown aliita wataalamu na waandishi katika chuo cha Columbia, akamleta mbwa. Alimpitishia kwanza mkondo mnyoofu, akipandisha hatua kwa hatua hadi volti 1,000. Mbwa aliteseka sana lakini hakufa. Kisha akampitishia mkondo geu wa volti 330, mbwa akafa. Mtu yeyote mwenye kuamua mashauri kwa haki ataona kosa: mnyama yule alikuwa nusu mfu kabla shahidi wa pili hajaitwa. Alipotaka kumleta mbwa mwingine, mwakilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama alimkataza. Mwezi Desemba, katika maabara ya Edison, Brown aliwaua ndama na farasi, kwa hoja kwamba wanyama hao wana uzito unaozidi wa mtu.

Haikuwa bahati kwamba uzito wa mtu ulikuwa unapimwa. Mwaka ule ule jimbo la New York lilikuwa limepitisha sheria ya kuwanyonga wahalifu kwa umeme badala ya kamba. Fikra hiyo ilitoka kwa daktari wa meno wa Buffalo, Alfred Southwick, ambaye alimwandikia Edison kumwomba ushauri. Edison, ambaye hakuipenda adhabu ya kifo, mwishowe alijibu kwamba kama ni lazima, mashine za kufaa ni zile za mkondo geu zinazotengenezwa na Westinghouse. Kwa hila, jenereta za Westinghouse zilinunuliwa na kuingizwa magerezani bila mwenyewe kuuziwa moja kwa moja. Agosti 1889 gazeti moja la New York likachapisha barua za siri za Brown, zilizoonyesha kwamba alikuwa akisaidiwa kwa fedha na washindani wa Westinghouse.

Aliyekuwa wa kwanza kukalia kiti cha umeme ni William Kemmler, aliyehukumiwa kwa kumuua mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Wakili mwenye sifa kubwa alimtetea hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na wengi waliamini kwamba Westinghouse ndiye aliyelipa. Haikufaa kitu. Tarehe 6 Agosti 1890, katika gereza la Auburn, mkondo ulipitishwa kwa sekunde 17 na madaktari wakasema amekufa. Hakuwa amekufa, alikuwa akipumua. Ukapitishwa tena kwa muda mrefu zaidi, mpaka chumba kikajaa harufu ya nyama kuungua na baadhi ya mashahidi wakatoka nje. Westinghouse alinukuliwa akisema kwamba shoka lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Naona kifo kilichowatikisa watu wa New York zaidi ya hicho kilikuwa kimetangulia, nacho hakikumhusu mhalifu. Tarehe 11 Oktoba 1889 John Feeks, fundi wa nyaya, alipanda nguzo katikati ya jiji wakati wa mchana kufanya kazi ya kawaida kwenye nyaya za simu za maandishi, zenye umeme mdogo. Hakujua kwamba mahali pengine waya mmoja kati ya hizo ulikuwa umegusana na waya wa taa za barabarani, wenye mkondo geu wa volti nyingi. Alinasa juu pale, akaungua mbele ya umati uliokuja mbio na usiweze kumsaidia. Wapita njia waliweka sanduku la mchango kwenye nguzo ile kwa ajili ya mjane wake. Magazeti yalichafuka kwa hasira, na wakuu wa jiji wakaamuru nyaya za hatari zikatwe, hata mitaa mingi ikarudi gizani kwa wiki nyingi. Edison akaandika makala ndefu mwezi Novemba kueleza hatari za umeme wa volti nyingi. Westinghouse akamjibu mwezi uliofuata. Lakini kilichomuua Feeks hasa kilikuwa uzembe: nyaya za kila kampuni zilikuwa zimerundikwa juu ya vichwa vya watu kama utando wa buibui, zimechakaa, na hapakuwa na mtu wa kuzikagua.

Hapa inafaa nimwambie mwenzangu wa polisi, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kufika mahali waya ulipoanguka, kwamba mambo hayajabadilika tangu siku ya Feeks. Waya ulioanguka huhesabiwa kuwa hai hata kama hautoi cheche. Kazi ya kwanza ni kuwaweka watu mbali, angalau hatua kumi na zaidi, na kuwaita wenye umeme wakate. Na nyumbani, mtu akinaswa, asishikwe kwa mkono; swichi kuu izimwe kwanza.

Pamoja na kelele zote hizo, hesabu ya shaba ilibaki pale pale, na ndiyo iliyoamua. Mwaka 1891 Wajerumani walisafirisha umeme wa mkondo geu kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, na sehemu kubwa ikafika. Mwaka 1892 kampuni ya Edison iliunganishwa na mshindani mwingine ikawa General Electric, na jina la Edison likaondolewa mlangoni. Mwaka 1893 Westinghouse alipata kazi ya kuangaza Maonyesho ya Dunia mjini Chicago, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya General Electric. Wapinzani hawakumruhusu kutumia balbu ya Edison, basi akatengeneza kwa haraka balbu ya vipande viwili iliyozibwa kwa kizibo cha kioo. Hazikudumu sana, lakini ziliwaka. Mamilioni ya watu walizunguka usiku chini ya taa zile wakarudi makwao salama, na hofu ikaanza kuwatoka.

Pigo la mwisho lilikuwa maporomoko ya Niagara. Tume ya wataalamu iliongozwa na Lord Kelvin, mwanasayansi wa Uingereza ambaye mwanzoni aliupinga mkondo geu. Mitambo ya Westinghouse ilianza kutoa umeme mwaka 1895, na Novemba 1896 umeme huo ukafika Buffalo, zaidi ya kilomita 30. Jambo la kuchekesha ni kwamba mteja wa kwanza kabisa alikuwa kiwanda cha aluminiamu, na aluminiamu haipatikani ila kwa mkondo mnyoofu. Ikabidi umeme ufike kama mkondo geu, kisha mashine za kuzunguka ziugeuze kuwa mnyoofu mlangoni.

Hapa niseme neno juu ya hadithi inayopenda kurudiwa, kwamba Edison alimuua tembo ili kumshinda Westinghouse. Tembo jike aitwaye Topsy aliuawa kwa umeme New York mwezi Januari 1903, na kampuni ya sinema yenye jina la Edison ilipiga picha. Lakini kufikia hapo vita vilikuwa vimekwisha miaka mingi, na Edison hakuwapo.

Aliyeshindwa naye hakufa. Mjini New York kampuni ya umeme iliendelea kuwapelekea mkondo mnyoofu wateja wachache, kwa ajili ya lifti za zamani, mpaka tarehe 14 Novemba 2007. Tena ulikuwa umerudi kwa mlango mwingine. Katika safari ndefu sana mkondo geu huanza kujilipisha: nyaya hujijaza na kujimwaga bure kila mzunguko, na mitambo yote ya pande mbili lazima ipige hatua kwa pamoja. Mara vilipopatikana vifaa vya kugeuza mkondo geu wa volti nyingi kuwa mnyoofu na kuurudisha tena, safari ndefu zikawa za mkondo mnyoofu. Uswidi ilianza mwaka 1954, kwa waya uliopita chini ya bahari hadi kisiwa cha Gotland.

Afrika ina njia kubwa za namna hiyo. Mwaka 1982, katika Zaire ya wakati ule, ilikamilishwa njia ya yapata kilomita 1,700 kutoka mitambo ya Inga kwenye Mto Kongo hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga, kwa msukumo wa volti 500,000. Wapo waliosema kwamba serikali ya Mobutu ilitaka swichi ya Katanga iwe magharibi, kwa kukumbuka uasi wa 1960 hadi 1963. Lakini nyaya hizo zilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia taa hata moja. Ugonjwa wa zamani wa mkondo mnyoofu ndio huo: hauwezi kushushwa njiani kwa transfoma ya nguzoni, unahitaji kituo kizima cha kuugeuza, na gharama yake ni kubwa mno kwa kijiji. Mwanakijiji wa chini ya waya ule alilipia, kwa giza lake, jambo lile lile lililomshinda Edison. Njia mpya ya kilomita 1,045 kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, iliyoanza kupitisha umeme Novemba 2022, nayo ni ya mkondo mnyoofu, na hugeuzwa kwenye vituo vya ncha zake mbili tu.

Na sasa umerudi hata juu ya paa zetu. Paneli ya jua hutoa mkondo mnyoofu, betri huuhifadhi, na taa na simu huutumia. Chaja ya simu inayochomekwa ukutani kazi yake ni kuugeuza mkondo geu uwe mnyoofu. Wenye paneli za volti 12 hulalamika kwamba taa ya jiko la uani inafifia ilhali ya sebuleni inawaka vizuri, na huilaumu balbu. Balbu haina kosa. Mzigo wa wati 60 kwa volti 240 huvuta robo ya ampia tu, lakini kwa volti 12 huvuta ampia tano, mara ishirini zaidi. Basi katika waya ule ule hasara huongezeka mara mia nne. Ni Pearl Street ndani ya ua. Fundi akija, mwambie aisogeze betri karibu na taa, na anunue waya mnene, ingawa wa bei, kwa kipande kile kirefu kiendacho jikoni.